Wimbo wa Kaa Mbele ya Mama Mkwe

Kwetu mlimani uwanja wa tambarare ni kitu cha kuchongwa. Mtu akitaka kujenga, hukata ubavu wa mlima kwanza, akamwaga udongo upande wa chini, ndipo apate mahali pa kuweka kuta na mahali pa kuku kutembea. Kijiji chetu kilipoambiwa kiwe na chekechea, wanaume walichimba kwa majembe hadi wakapata uwanja mdogo mbele ya ghala la zamani la kahawa. Ghala likawa darasa. Pembeni wakasimamisha jiko la mabanzi. Mlango wa jiko uliutazama uwanja wote, maana hapakuwa na upande mwingine wa kuuelekeza: nyuma ya jiko palikuwa na bonde.

Naanza na uwanja kwa sababu ungalikuwa mkubwa kidogo tu, au jiko lingaliangalia kwingine, huenda nisingalipatwa na yaliyonipata.

Mlezi wa watoto wale nilikuwa mimi. Sikuomba. Siku ya mkutano wa kijiji nilikaa nyuma kabisa, chini ya mkaratusi, nikitarajia atatajwa msichana. Lakini wasichana waliomaliza shule walikuwa wameolewa, na waliobaki walihitajika katika shamba la chai la kijiji. Mwenyekiti akanyoosha kidole.

"Huyu kijana kamaliza la saba. Mwandiko wake mzuri. Hagombani na mtu. Nani anapinga?"

"Yeye mwenyewe hajasema," mama mmoja akajibu.

"Huyo hasemi hata akikanyagwa!"

Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa. Nilikuwa na neno la kupinga. Kabla sijalitoa mkutano ulikwisha kuhamia habari ya mbolea.

Nikapelekwa Lushoto kwenye semina ya walezi. Tulikuwa wanawake watupu na mimi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa pwani, mnene, mwepesi wa miguu, na kila alichofundisha alikifundisha kwa mwili wake kwanza. Nyimbo zake zote zilikuwa za baharini. Kulikuwa na wimbo wa mawimbi, wa pweza, wa samaki wadogo wanaomkimbia papa, na wa kaa.

"Mwalimu, sisi kwetu Bungu hakuna bahari," mama mmoja akalalamika.

"Na sisi kwetu hakuna mlima, lakini viazi vyenu tunakula," mwalimu akamjibu. "Mtoto wa Tanzania aijue nchi yake yote. Atakayejaliwa kuiona bahari ataiona. Asiyejaliwa na aicheze."

Wimbo wa kaa ulichezwa kwa mikono na miguu. Mtu aliinama, viganja chini, kichwa chini, akaenda ubavu ubavu huku wenzake wakimwuliza maswali:

*Kaa, kaa, watoka wapi?*
*Natoka chini ya mwamba.*
*Kaa, kaa, waenda wapi?*
*Naenda ubavu, ubavu, ubavu.*
*Wimbi laja! Wimbi laja!*
*Jifiche, kaa, jifiche.*

Hapo kaa wote walitakiwa kukimbilia mwamba. Pale Lushoto mwamba ulikuwa meza ya mwalimu. Nilipoinama kwa mara ya kwanza, wale wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. "Afadhali tumepata na kaa dume!" wakasema. Masikio yalinichoma. Lakini nilicheza, kwa kuwa walikuwa wageni kwangu na sikutarajia kuwaona tena. Mbele ya wageni aibu hupita haraka.

Nilirudi kijijini na nyimbo zangu. Watoto wakaupenda wa kaa kuliko zote, maana kaa walimjua. Wako katika vijito vyetu, chini ya mawe, na kila mtoto alishawahi kubanwa kidole. Kwenda ubavu nako hawakuhitaji kufundishwa. Mtu wa milimani huenda ubavu tangu anapojua kusimama. Wimbo wa mawimbi ndio uliotushinda. Wala mimi wala wao hatukuwahi kuona wimbi. Mwalimu wa Lushoto alikuwa akipiga makofi makubwa pale wimbi linapovunjika, lakini watoto walikataa makofi. Kitu kikubwa hivyo, wakaniambia, hakina haja ya kupiga kelele. Basi tukalifanya wimbi letu kama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, taratibu, mikono mbele, hadi umfunike mwenzako.

Nisingaliona haya sana kwa kazi ile, kama isingalikuwa posa.

Posa yangu ilikuwa imepokelewa katika nyumba moja ng'ambo ya bonde. Binti wa nyumba ile aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisani kwetu, na alikuwa mtu wa pekee aliyeweza kunichekesha nisitafute pa kuangalia. Yeye ndiye aliyenitaka. Mimi nisingalithubutu kusema. Mjomba wangu alikuwa mshenga, maana baba yangu alikwisha kufariki. Baba wa binti alipokea vitu vya kwanza, kisha akamwambia mjomba maneno ambayo mjomba aliniletea bila kuyapunguza.

"Nimepokea kwa sababu binti ametaka. Lakini nasikia mpwa wako anaimba na watoto wanaonyonya. Sina ugomvi naye. Ila siku nitakayosikia amemvunjia heshima mtu wa nyumba hii, vitu vyake vitarudi siku hiyo hiyo."

Tangu hapo nilitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Kwetu kijana aliyekwisha kupeleka posa hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Na njia zetu si njia za kuacha ovyo, upande mmoja kingo, upande mwingine shimo. Mara moja nilimwona mama mkwe akija na mzigo wa kuni, nikaruka chini hadi kwenye tuta la maharage ya watu, nikajikunja pale mpaka aliponipita. Nilimsikia akisema peke yake, kwa sauti ya kutosha, "Maharage ya mwaka huu yamezaa watu."

Basi mpishi wa uji wa chekechea alipojifungua, halmashauri ya kijiji ikakaa kumtafuta mwingine. Wakamchagua mama mkwe wangu, kwa sababu ya mikono yake safi na subira yake. Wanaume hawakukumbuka posa. Wanawake walikumbuka, nami nina hakika ndiyo sababu waliunga mkono haraka vile.

Siku alipoanza kazi nilichukua gunia kuukuu nikalitundika kwenye mlango wa jiko. Hapo ndipo yalipoanza maisha ya ajabu kidogo. Yeye ndani ya jiko, mimi darasani, na watoto kati yetu wakipeleka maneno.

"Mwalimu, bibi anasema uji tayari."

"Mwambie bibi asante."

"Bibi, anasema asante!"

"Mwambie huyo asiye na sura kwamba kaa wake wameniangushia ndoo ya maji."

"Mwalimu, bibi anasema huna sura!"

Watoto walidhani ni mchezo mmojawapo wa michezo yangu. Mimi sikucheza hata kidogo. Nyimbo za kusimama niliwafundisha uwanjani, mgongo wangu nikiuelekeza jikoni. Wimbo wa kaa niliufundisha ndani ya ghala, mlango nimefunga, giza na joto, vumbi la kahawa likitupanda puani. Sikutaka mwanamke yule ajue kwamba mtu aliyemposa binti yake hutembea kwa mikono.

Wakati wa uji niliwatuma kwake, mimi nikabaki darasani. Sikujiuliza wanafanya nini huko. Nilisikia vicheko tu.

Ndipo ikaja habari kwamba Bwana Maendeleo atapanda kutoka wilayani kuona chekechea za vijiji. Mwenyekiti alinijia mwenyewe.

"Ataona nini kwako?"

"Nyimbo, ndugu mwenyekiti."

"Nyimbo gani?"

"Za baharini."

Akanitazama sana. "Hata hivyo. Wafanye uwanjani, watu wote waone. Kijiji cha jirani watoto wao walikaa tu kama viazi, na mgeni akaandika hivyo."

Nilijaribu kuuacha wimbo wa kaa. Niliwafundisha upya ule wa samaki wadogo, nikawaambia siku ya mgeni tutaimba huo na wa mawimbi, basi. Wakakubali. Mtoto wa miaka minne hukubali kila jambo.

Siku yenyewe baridi ilikuwa kali na kijiji kizima kilikuja. Wanaume walikaa kwenye kingo ya juu, wanawake upande wa darasa, na mchumba wangu, kama naweza kumwita hivyo, alikuwa kati yao na wanakwaya wenzake. Baba yake hakuwapo. Alikuwa amekwenda sokoni Mlola kuuza kabichi. Nilimshukuru Mungu kwa kabichi zile. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, maana gunia lilikuwa limeondolewa ili mgeni aone sufuria.

Bwana Maendeleo alikuwa mtu wa tambarare. Alikuwa amevaa fulana mbili nzito na bado alitetemeka. Watoto wakapangwa. Nikawapa sauti.

Hawakuimba.

Walinitazama mimi, wakawatazama watu, wakanitazama tena. Nilijua ile hali. Ilikuwa yangu; nimeishi ndani yake tangu nina umri wao. Nikawapa sauti mara nyingine. Mmoja akaanza kutafuna kola ya shati lake. Bwana Maendeleo akaangalia saa. Ndipo kasichana kamoja, kadogo kuliko wote, kakaanza chinichini wimbo kaliokuwa na uhakika nao.

"*Kaa, kaa, watoka wapi?*"

Wenzake wakaurukia. Wakaimba swali lote, wakafika mwisho wake, wakanyamaza wakinisubiri mimi. Ndivyo nilivyowafundisha mle ghalani. Kaa wa kwanza huwa ni mimi. Nikiinama, nao huinama.

Nilisimama. Walirudia swali. Nilisimama.

"Cheza nao!" mwenyekiti akaninong'oneza nyuma ya sikio. "Unataka kuniua?"

Nikatupa jicho upande wa jiko, chini chini, niione hatari ilipo. Mama mkwe alikuwa amefanya lililompasa. Alikuwa amejifunika khanga kichwani, akageuka na kigoda chake, uso ukaelekea ndani ya jiko na mgongo kwetu. Aliniachia uwanja. Sijapata kuona adabu kubwa kuliko ile, na sijui kama ningalikuwa mimi ningaliifikiria.

Basi nikainama. Viganja chini, macho ardhini. Nikaenda ubavu.

Watu walipiga kelele ya furaha. Watoto wote walishuka kama mimi, na uwanja mzima ukajaa kaa. Tukaenda ubavu kulia, tukaenda ubavu kushoto, nami sikuona kitu isipokuwa udongo na vidole vya miguu vya watoto. Nilisema moyoni, nisipoinua macho nitamaliza salama. Mwamba niliwaambia utakuwa benchi la wageni. Niliwaambia mle ghalani, habari ya mgeni ilipofika, kabla sijauacha wimbo. Nilidhani wanakumbuka.

"*Wimbi laja! Wimbi laja!*"

Miguu midogo ikakimbia. Nikaifuata kwa mikono na magoti, upesi, kichwa chini, nikitaka kufika na kumaliza. Nikaingia chini ya kitu. Mwanga ukapungua. Palikuwa na joto la watoto, harufu ya moshi na ya unga uliopikwa, na watoto wanacheka wamebanana. Bega langu lilikuwa limeegemea kitu kilicho imara. Nikafumbua macho vizuri, nikaona visigino. Vilikuwa visigino vya mtu mzima, vyenye nyufa, safi.

Sikujua kwamba kila siku, wakati wa uji, watoto walikwenda jikoni kwa mwendo wa kaa. Sikujua kwamba mama mkwe aliujua wimbo wote, na ulipofika penye neno la kujificha alitandaza khanga yake kama kuku atandazavyo mabawa, wakajificha hapo. Siku ile alikuwa ametugeuzia mgongo na hakuona chochote. Alisikia neno, mikono yake ikafanya ilivyozoea. Mimi nikaingia chini ya nguo ya mkwe wangu mbele ya kijiji kizima, bega likiwa mgongoni pake.

Wanawake walitoa sauti moja, "Yoooo!"

Nikatoka kinyumenyume. Khanga ikaning'ang'ania kichwani, nikaivuta, ikamvuka mabegani. Bwana Maendeleo peke yake alipiga makofi.

"Huyo kaa mkubwa ameniua kabisa!" akasema. "Vizuri sana! Rudieni!"

Nikakimbia. Nilishuka matuta ya maharage ya kijiji moja baada ya jingine, nikavuka kijito, nikapanda upande wa pili hadi kwenye msitu wa miwati, na hata huko niliona kama miti imesimama kunitazama.

Sikurudi kazini. Nilimwambia mama yangu naumwa, naye akanipikia dawa kali ya majani kwa makusudi. Habari zilikuja zenyewe. Mtu mmoja alisema nilimkumbatia mkwe wangu. Mwingine alisema nilimvua khanga. Kisimani walikuwa na wimbo mpya, nao sitauandika hapa. Nilimngoja mjomba aje na vitu vya posa mgongoni. Kila nilipomsikia mtu anakohoa njiani nilidhani ni yeye.

Alikuja kweli, mikono mitupu.

"Havijarudi bado," akasema. "Tumeitwa Jumapili, baada ya ibada. Wewe na mimi."

"Mimi pia, mjomba?"

"Wewe hasa. Unadhani ni mimi niliyeingia chini ya khanga?"

Baba wa binti alitupokea sebuleni pamoja na wazee wawili wa ukoo wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa. Mlango wa kwenda ndani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nilijua kuna watu, maana pazia lilikuwa linapumua. Mjomba akaeleza kwa maneno mazuri. Alisema ni kazi ya kijiji, ni mchezo wa watoto, ni ajali. Baba wa binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuwapo," akasema. "Nimesikia maneno mengi na hakuna hata mawili yanayofanana. Mmoja anasema alitambaa kama nyoka."

"Kama kaa, mzee mwenzangu," mjomba akamrekebisha.

"Kaa namjua. Mtu anayekwenda kama kaa simjui. Nitahukumu vipi kitu nisichokiona?" Akanigeukia. "Onyesha."

Nilidhani anatania. Wazee wakasogeza viti vyao ukutani.

"Hapa, baba?"

"Kwani huko ulihitaji nini kingine? Onyesha."

Niliinama juu ya sakafu yao iliyosuguliwa, katika suruali yangu ya ibada. Hakuna aliyeimba, na bila wimbo ule mwendo si mchezo tena, ni mtu mzima kwenye magoti. Nilikwenda ubavu hadi kwenye meza. Nikarudi ubavu hadi kwenye kiti cha mjomba. Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba, akacheka tena puani. Nilikijua kicheko kile na nilikipenda, lakini wakati ule nilitamani sakafu inimeze. Mzee hakucheka. Alinitazama kwa uangalifu, kama atazamavyo mche wenye ugonjwa.

"Inatosha. Kaa."

Sikujua kama anamwita yule wa kijitoni au ananiambia niketi. Niliketi.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Kichwa chini, huoni mbele. Ulimgusa bila kumwona, naye hakukuona. Hiyo ni ajali. Hata mimi nilipokuwa kijana niliteleza kwenye matope nikamshika mama mkwe wangu mguu. Unajua nilifanya nini?"

"Sijui, baba."

"Niling'oa majani yaliyokuwa karibu, nikayaweka miguuni pake, nikapiga magoti pale pale kwenye matope, uso chini. Sikuondoka mpaka aliposema, inuka. Ndivyo wazee walivyotuonyesha. Hata jani tu, ukiliweka pale pale, aibu imeondoka kwake imebaki kwako. Wewe uliweka nini?"

"Uliweka mgongo," akasema mzee mmojawapo.

"Mke wangu alibaki pale nguo imemvuka mabegani," baba wa binti akaendelea, "watu wanamtazama yeye, kwa sababu wewe wa kutazamwa ulikuwa umekimbia. Leo anaimbwa kisimani. Kugusa ni ajali, kijana. Kukimbia ni dharau."

"Sikujua desturi hiyo, baba."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Hukuuliza kwa sababu unaona haya. Haya ni jambo jema, lakini hiyo yako umewaachia wengine waibebe."

Nilikuwa nimeogopa sana kuvunja adabu, nikiruka kwenye matuta na kutundika magunia, na sikuwahi kumwuliza hata mjomba adabu yenyewe ikoje. Uso wangu ulikuwa unawaka, na safari hii haukuwaka kwa sababu ya watu kunitazama.

Akatoa hukumu. Nirudi pale pale, mbele ya wale wale walioona, niweke jembe na kuku miguuni pa mama mkwe. Akipokea, mambo yaendelee. Asipopokea, nisirudi kwake, mjomba ndiye aje kuchukua vitu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda na jembe jipya la mjomba na mtetea wa mama yangu. Nilikuwa nimefika mapema, lakini habari ilikuwa imefika mapema zaidi. Akina mama walioleta watoto hawakuondoka kwenda shambani. Walijipanga uwanjani na majembe yao mabegani, wakiongea habari ya mvua kwa sauti kubwa isiyo na maana. Mwenyekiti alikuwa kwenye kingo, akijifanya anakagua mfereji.

Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Nilipiga magoti mbele ya mlango, nikaweka jembe, nikaweka kuku aliyefungwa miguu, nikainamisha uso. Nilisikia mwiko ukizunguka ndani ya sufuria. Hakuharakisha. Aliukoroga mpaka ulipokuwa tayari kwa kipimo chake, akaipua sufuria, akafuta mikono. Uwanja mzima ulinyamaza. Yule kuku ndiye aliyesema neno moja.

Niliona mkono wake ukishuka. Akaokota jembe.

"Inuka," akasema.

Vigelegele vikapigwa hadi ng'ambo ya bonde wakavisikia, na mama mmoja akamwimbia mwenyekiti kwamba sasa uwanja wake umezinduliwa. Wakaondoka wakicheka. Mimi nilibaki nimesimama, nikijua kwamba binti ni wangu.

Walipokwisha kwenda mama mkwe akaniita. Hakutuma mtoto. Kwa kuwa alikuwa ameokota jembe, ilikuwa halali yake kusema nami, na mimi kumsikiliza, uso chini.

"Jambo moja," akasema. "Mimi nguo niliipandisha mwenyewe, na ya kisimani yatachakaa. Lakini hawa watoto, siku ile, walikataa kutoka chini ya khanga. Nikawaambia tokeni, mgeni amekwenda. Wanasema bado. Nikawaambia uji unapoa. Wanasema, mbona mwalimu amekimbia? Mwalimu hakimbii wimbi la mchezo. Basi hili ni la kweli, linakuja. Walikaa pale wananishika hivi, mpaka mama wa mwisho alipokuja kumtoa wake analia."

Katika zile siku zote za kulala na kunywa dawa ya majani nilikuwa nimeyahesabu macho ya kijiji kizima, jicho kwa jicho, na wale sikuwa nimewafikiria hata mara moja.

"Nenda," akasema. "Wamekaa tu humo ndani."

Niliingia darasani. Walikuwa wameketi sakafuni, wamejipanga vizuri kuliko nilivyowahi kuwapanga. Nikawaamkia, nao wakaitikia kwa pamoja, isipokuwa kale kasichana kalikoanzisha wimbo. Kalinitazama.

"Mwalimu, wimbi limekwisha?"

"Limekwisha," nikasema.

Kakainuka, kakanipita hadi mlangoni, kakaangalia nje kenyewe, kulia na kushoto. Kisha kakarudi, lakini si mahali pake pa kawaida, pale mbele karibu na miguu yangu. Kakaenda kukaa ukutani, nyuma ya wenzake.